Barafu ya Karavani

Friji la karavani nililitengeneza mimi. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu Lindi hadi leo wanaosema lilitengenezwa na Mzungu, na wengine wanasema lile friji halikuwa na kosa lolote, na wote hao hawakuwepo. Niliyekuwepo ni mimi, Nikodemu, fundi umeme na mafriji, miaka kumi na minne kwenye kiwanda cha korosho, mpaka kiwanda kilipofungwa tukaambiwa twende tukajitegemee.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Madukani kulikuwa kumejaa feni, redio na vipuri vya Dubai, vitu ambavyo zamani ungevisubiri mpaka uzeeke, na mitaani tulijaa sisi tusio na kazi, tunavitazama kupitia vioo. Ndipo mradi mmoja wa afya ya mama na mtoto ukanunua karavani kwa kampuni iliyokuwa ikitafuta mafuta upande wa Kilwa. Lilikuwa nyumba nyeupe ya bati juu ya magurudumu mawili, yenye kitanda cha kukunja, sinki, jiko la gesi, tangi la maji na friji ukutani. Wazungu walikuwa wanalala humo porini. Mradi ulitaka liwe zahanati ya kutembea, livutwe na Landrova kutoka Lindi kwenda Mchinga, Kikole na vijiji vya njiani mpaka Kilwa Masoko, ambako hata watu wa Kilwa Kisiwani wangeweza kuvuka kuja kuchanja.

Nilipofungua mlango mara ya kwanza nilicheka. Panya walikuwa wamekula nyaya mpaka kwenye taa. Pampu ya maji ilikuwa imekwama kwa kutu ya chumvi, mpira wa gesi umepasuka pasuka, betri imekufa siku nyingi, na mvua ilikuwa inaingia kupitia dirisha la nyuma hadi mbao za chini zimeoza. Bwana wa mradi akaniuliza kama linatengenezeka. Nikamwambia kila kitu kilichotengenezwa na mtu kinatengenezeka. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Nikafanya kazi miezi miwili. Nilivuta nyaya mpya, nikaweka betri mbili za lori chini ya kitanda na waya mnene wa kuzichaji kutoka kwenye Landrova gari likiwa linatembea. Pampu niliifungua, nikaikatia washa za ngozi, zile za kuzuia maji yasivuje, kwa kisu changu mwenyewe. Nilifanya kazi Jumamosi, nikafanya Jumapili baada ya misa, na mke wangu Scholastica hakuniuliza hata siku moja kwa nini. Alijua.

Binti yetu Benadetha alikuwa ameolewa Mchinga na Jerome, kijana wa kwenye mashamba ya chumvi. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alikufa siku ya nane. Alikataa ziwa, mdomo ukajifunga, mgongo ukapinda kama upinde, na kila mlango ulipolia alikakamaa upya. Wazee walisema ni dege. Nesi Mwanasha, aliyekuja kuajiriwa na mradi, alisema ni pepopunda, imeingia kupitia kitovu, kwa sababu mama mkwe wa Benadetha alikitia majivu ya kifuu. Ni kweli alitia. Jerome naye alitiwa hayo hayo, na mimi nilitiwa, tukapona kwa bahati.

"Mama akichomwa sindano mbili kabla ya kujifungua," Mwanasha aliniambia, "kinga inamfikia mtoto tumboni. Hata wembe ukiwa mchafu, mtoto anakuwa na silaha yake."

Benadetha wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Nikasema safari hii mjukuu wangu hafi, hata kama itabidi hilo karavani nilivute kwa kamba shingoni.

Lililobaki lilikuwa friji. Lilikuwa la kutumia gesi likisimama na betri likitembea, friji zuri, lakini lilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kwa joto la Lindi lilichoka kabla ya saa nne asubuhi. Mwanasha aliweka kipimajoto ndani na kila akikitoa uso ulikuwa unamkunjamana. Alikuwa mwanamke mfupi wa Kivinje, mwepesi wa maneno.

"Fundi, nyuzi kumi na tano. Humu nahifadhi chanjo au nachachusha togwa?"

"Nipe siku tatu."

"Chanjo ikipata joto inakufa. Joto ndilo adui yetu. Ukilishinda joto, mimi na wewe tumemaliza kazi."

Basi nikapigana na joto. Nilitoboa matundu ya hewa nyuma ya friji, nikafunga feni ndogo ya betri ivute hewa ya moto itoke nje. Bomba la moshi nililisugua mpaka likang'aa. Kile kitundu kidogo kinachotoa gesi, sisi tunakiita jeti, nilikitoa nikaweka kikubwa zaidi ili moto uwe mrefu. Halafu nikaitazama thamostati, kile kifaa kinachopunguza moto baridi ikizidi, nikaona huyu ndiye mvivu anayeturudisha nyuma. Nikamkata. Nikaunganisha gesi moja kwa moja.

Asubuhi ya tatu, kikombe cha maji nilichokiacha kwenye bamba la nyuma kilikuwa barafu tupu. Watu wote wa uani kwa mradi walikuja kukigusa. Huseni, dereva wetu, alitia kipande mdomoni akaruka huku amejishika taya. Kwa mtu wa pwani friji linalogandisha ndilo friji, na lisilogandisha ni kabati. Hata mimi, fundi mwenye cheti, nilifikiri hivyo hivyo. Mwanasha alinipa mkono na kusema Mungu anilipe.

Safari ya kwanza kwenda Kikole, barabara ilikivunja kipimajoto. Mwanasha aliandika barua ya kuomba kingine na kingine hakikuja. Alihangaika siku nzima, mpaka nikamwambia asijisumbue, kipimo ninacho. Nikajaza maji kwenye kikombe cha bati nikakiweka ndani. Tangu siku hiyo kila alfajiri kazi ilianza kwa maneno mawili.

"Barafu ipo?"

"Ipo."

"Haya, twende kazi."

Kwa hiyo tukatembea na kikombe. Tulipoegesha kijijini, kabla ya kitu kingine, nililaza chupa ya maji sakafuni nione kama karavani limekaa sawa, kwa sababu friji la namna ile likiinama halifanyi kazi, nikatafuta mawe ya kutia chini ya gurudumu. Wanawake walikuwa wakinisubiri kwenye mstari huku wakinitania kwamba nalaza mtoto. Niliwatania na mimi. Nilikuwa nimerudi kuwa mtu, jamani. Mtu aliyefukuzwa kiwandani kama mbwa sasa anaamkiwa shikamoo na vijiji vizima.

Na jambo moja nililifanya kwa mkono wangu, bila kuombwa na yeyote. Chanjo za pepopunda zilikuwa kwenye rafu ya katikati. Kabla ya kwenda Mchinga nilizitoa nikazipanga nyuma kabisa, zimegusa bamba la kugandisha, mahali penye baridi kuliko pote. Nilifikiri nampa Benadetha kilicho bora.

Siku hiyo Mwanasha alipotoa chupa ilikuwa imeganda kama jiwe. Aliishika katikati ya viganja vyake, akaisugua taratibu mpaka ikayeyuka. "Hii haijaona joto hata chembe," alisema, na mimi pale mlangoni nikavimba kifua. Benadetha akakunja mkono wa gauni akachomwa. Mwezi uliofuata tulirudi, akachomwa ya pili. Nilimpa na kipande cha barafu, akatafuna huku anacheka, maana mimba ile ilimtamanisha vitu vya baridi.

Alijifungua karavani likiwa Masoko. Mama Jerome, Rosalia, ndiye aliyempokea mtoto, kwa sababu uchungu ulikuja ghafla na zahanati ilikuwa mbali. Alikuwa msichana. Wakamwita Justa. Nilipata habari siku ya tatu nikamshukuru Mungu mbele ya watu, nikawanunulia wenzangu soda.

Siku ya saba nilifika Mchinga nikiwa na khanga za mtoto. Hakuna aliyenilaki. Ndani Benadetha alikuwa amekaa chini, ziwa nje, mtoto mikononi, na mtoto hanyonyi. Jirani mmoja akaangusha mfuniko wa sufuria. Justa akakakamaa mwili mzima, ngumi zimefumbwa, mdomo umejikaza kama anacheka. Nilikuwa nimeshaiona sura hiyo. Nikajua.

Tulimpeleka hospitali Lindi wakafanya walichoweza. Siku ya tisa tukarudi naye Mchinga amefungwa katika zile khanga.

Sasa nasema lile ambalo ningependa kulinyamazia. Pale makaburini, udongo haujakauka, nilimgeukia Rosalia mbele ya watu wote. Ni mwanamke mkubwa kuliko mimi, tena mjane.

"Mama Jerome, safari hii umetia nini?"

"Sikutia kitu, Baba Benadetha."

"Wa kwanza majivu. Wa pili nini? Kinyesi cha ng'ombe?"

"Nilichemsha wembe. Nilichemsha na uzi. Nesi alinionyesha, nikafanya hivyo hivyo. Kwa jina la Mungu sikutia kitu."

"Mwanangu alichomwa sindano mbili! Mimi mwenyewe niliona! Basi mtoto ameuawa na nani?"

Hakuna aliyenizuia. Jerome alitazama chini. Benadetha alimtazama mama mkwe wake, na nililiona lile jicho likibadilika. Nilikuwa na uchungu na nilitaka mtu wa kumbebesha, basi. Nikampata.

Wiki mbili baadaye habari zilinifikia Lindi kwamba Benadetha hali chakula kilichopikwa na Rosalia. Majirani walikuwa wameacha kumwita kwenye uzazi, na watoto walikuwa wanakimbia akipita. Jerome alikuwa anatafuta nauli ya kumpeleka mama yake Newala kwa mjomba, akakae huko mpaka maneno yaishe. Nikasema afadhali.

Karavani lilikuwa uani kwa mradi, nalisafisha bomba la moshi, Mwanasha alipokuja amebeba kijitabu. Alikuwa amekonda. Hakunisalimia.

"Dozi mbili, Fundi. Nilimchoma mimi mwenyewe. Sijalala tangu mtoto afe."

"Yule bibi ndiye..."

"Hata bibi angetia majivu, dozi mbili zingemlinda mtoto. Karibu hakika. Mwache bibi." Akafungua kijitabu. "Hiki ni cha mafunzo yetu. Ukurasa huu tuliuruka. Mwalimu alisema unahusu nchi za baridi, hapa pwani hakuna baridi ya kugandisha kitu. Sote tukacheka."

Ukurasa ulikuwa na picha ya chupa mbili. Mwanasha alinitafsiria polepole. Chanjo ya pepopunda ikiganda inaharibika, na ukiiyeyusha haiponi tena. Ili kujua, chukua chupa ambayo hujawahi kuigandisha na ile unayoitilia shaka, zitikise pamoja, uziweke mahali palipo sawa, usubiri nusu saa.

Asubuhi ile lilikuwa limefika boksi jipya kutoka bohari, liko bado kwenye kasha lake la kubebea, halijaingia kwenye friji langu. Mwanasha alitoa chupa moja humo. Nyingine aliitoa nyuma ya friji, pale nilipozipanga mimi. Akaiyeyusha viganjani. Akazitikisa zote mbili, akaziweka juu ya ile meza ya kukunja. Nililaza chupa yangu ya maji nione kama meza imekaa sawa. Ilikuwa sawa. Nilikuwa fundi mzuri.

Tukakaa. Huseni alikuja akasimama mlangoni, akauliza tunangoja nini. Haikuhitaji nusu saa. Chupa mpya ilibaki na weupe wake wote, kama maji yaliyotiwa tui. Chupa yangu ilianza kukatika kama maziwa yaliyochacha. Vipande vidogo vilishuka, vikashuka, mpaka chini kukawa na mashapo na juu maji matupu unayoweza kuona upande wa pili.

"Tuliwachoma maji," Mwanasha alisema.

Niliomba arudie na chupa nyingine. Alirudia na nyingine nne. Zote za rafu ya nyuma zilikatika. Nilitoka nje nikaufunga mtungi wa gesi.

Niliporudi Mwanasha alikuwa na daftari lake mapajani. Kulikuwa na wanawake mia moja arobaini na wawili, vijiji saba, wenye mimba na walionyonyesha. Alisema lazima tuwazungukie wote na chanjo mpya, tena haraka, kabla wengine zaidi hawajajifungua. Huseni akakuna kichwa.

"Sawa, lakini tuwaambie nini? Tuseme chanjo ilikuja mbovu kutoka huko juu. Nani atabisha? Mkisema ni friji, mstari wote utakimbia. Nawajua watu wangu mimi."

Kazi ilikuwa ya Mwanasha, cheti ni chake, sahihi kwenye daftari ni yake. Alinitazama mimi. Nami nilikuwa tayari, nakiri, nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno hayo hayo mdomoni. Kilichonizuia ni Newala. Rosalia akishapanda gari la Newala amekuwa muuaji maisha yake yote, na aliyempandisha ni mimi.

Nilirudisha jeti ya zamani. Nikaunganisha upya thamostati niliyoikata, nikaijaribu siku mbili mchana na usiku na kipimajoto ambacho Mwanasha alikiazima kwa mtu. Nyuzi nne, tano, nne. Bamba la nyuma nililizibia kwa ubao ili kitu kisiliguse tena. Lilikuwa friji la kawaida sasa, halikugandisha hata tone, na ndivyo lilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Mchinga tulifika asubuhi. Wanawake walikuwa wameshajipanga, kwa sababu tulituma habari. Sikusubiri kuweka mawe. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Jerome nikamkuta Rosalia ameketi kwenye ngazi na kifurushi chake miguuni. Benadetha alikuwa anafagia ua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, acha ufagio. Mama Jerome, na wewe nisikilize."

Nikasema. Nilisema vibaya, narudi nyuma, nachanganya gesi na bamba na kikombe, lakini nilisema yote. Kwamba mtoto alikufa kwa sababu chanjo ilikuwa imeganda, na iliganda kwa sababu niliitaka igande, na niliziweka chupa zake nyuma kwa mkono wangu. Kwamba Mama Jerome hakutia kitu. Nilipiga magoti mbele ya yule mama, majirani wanatazama juu ya ua.

Rosalia alilia kwa sauti, ile aliyoizuia tangu makaburini. Hakunigusa wala hakuniambia nimesamehewa. Aliinua kifurushi chake akakirudisha ndani.

Benadetha aliegemeza ufagio ukutani. "Umemtukana mama yangu kaburini kwa mwanangu," alisema. Akaninyooshea kwa mkono njia ya kutokea.

Nilirudi kwenye karavani na yeye akanifuata nyuma, hatua kumi hivi. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana alikwenda kwenye mstari. Walimpisha akawa wa mbele. Alikunja mkono wa gauni, na Mwanasha, machozi yanamtoka, akavuta dawa kwenye sindano. Chupa ilikuwa nzima. Niliitikisa mwenyewe asubuhi ile.

"Nesi," Benadetha aliuliza, "friji hili sasa amelitengeneza nani?"

Mwanasha angeweza kumtaja mtu yeyote. Hakuweza kudanganya. Alinitazama.

Benadetha akateremsha mkono wa gauni lake, taratibu, mpaka kwenye kifundo, akatoka kwenye mstari. Aliyekuwa nyuma yake alimtazama akienda, akambeba vizuri mtoto wake mgongoni, akamfuata. Kisha wa tatu. Hawakutukana wala hawakupiga kelele. Niliwakimbilia, nikawashika wengine mikono, nikawaambia hii ni nzima, hii ni nzima, wallahi mama hii ni nzima, mimi Mkristo naapa kwa kiapo chao. Walijinasua kwa adabu. Wa mwisho alikuwa na mimba kubwa inayokaribia kabisa, na alinipa pole ya msiba.

Tulikwenda vijiji vyote saba, habari ilitutangulia kila mahali. Katika mia moja arobaini na wawili Mwanasha aliwachoma kumi na tisa. Tangu hapo karavani limesimama uani kwa mradi, na mimi bado nawasha friji kila Jumatatu.

Mwaka uliofuata Benadetha alipata mimba ya tatu. Habari hiyo niliipata kwa Huseni, aliyekuwa amepita Mchinga, wakati namsaidia kufunga tairi. Nilimuuliza kama Benadetha amechomwa sindano. Akasema hajui, akaniomba nimpe spana.